Muziki Hadi Jikoni

Skogen, Minnesota
12 Januari 1969

Mpendwa Shangazi Borghild,

Nakusalimu kutoka kwenye baridi uliyoikimbia. Natumaini magoti yanakuheshimu huko Arizona na kwamba jirani yako yule bado anakuletea machungwa. Sisi hapa theluji imefika kwenye madirisha ya sebule, na gari la maiti haliwaki asubuhi mpaka niliwekee blanketi usiku kucha kama mtoto mchanga. Mzee Lindahl wa duka la vyuma tumemzika Jumanne. Yaani tumemuaga tu, maana ardhi imekuwa chuma, atasubiri kwenye kibanda cha makaburini hadi majira ya kuchipua. Mchungaji anakusalimu. Wanawake wa kanisani wanauliza ile siri yako ya lefse, mkate wetu mwembamba wa viazi, maana yao inakatika.

Ningekupigia simu, lakini simu yetu bado tunachangia na nyumba nyingine, na Bi Gunderson huinua mkono wa simu kabla yangu. Basi nitaandika.

Lavonne yuko Fargo kwa dada yake tangu mwaka mpya. Amekwenda kupumzika. Alipokuwa akifunga sanduku aliniambia maneno ambayo nimeyabeba hadi leo: "Nyumba hii imenyamaza mno, Orrin. Ukishuka kazini nabaki nasikia saa ya ukutani tu. Siwezi tena." Shule moja ya Fargo imempa kazi ya ukarani, na wanataka jibu baada ya Pasaka. Akiikubali, Shangazi, hatarudi. Hakusema hivyo, ila mimi si mtoto.

Kwa hiyo nimepata wazo. Nimemwita Wendell Pruitt, fundi wa redio, atutandazie spika nyumba nzima. Ni mtambo mmoja kabatini, pale tunapotundika makoti ya wageni, halafu waya zinapita ndani ya kuta kwenda kila chumba. Daktari wa meno wa Mankato anao, na duka kubwa la nguo pia. Unaweka santuri asubuhi, fidla na piano, sauti ya chini, bila mwimbaji. Wendell anasema huo ni muziki wa kusikika, si wa kusikilizwa. Sebule mbili za kuagia marehemu, ukumbi, ofisi, jikoni, ngazi, vyumba vya juu, mpaka bafuni. Lavonne akirudi hatakuta kimya hata pembe moja.

Najua nyumba hii ya mazishi ni yako nusu. Naomba ruhusa.

Mwana wa kaka yako,
Orrin


Tucson, Arizona
24 Januari 1969

Orrin mwanangu,

Barua yako imenikuta nimekaa nje na miguu wazi, mwezi wa kwanza huu, na wazee wenzangu wamevaa kaptula mchana kweupe. Aibu tupu, lakini magoti yamefurahi. Bi Pomeroy bado analeta machungwa. Nimechoka nayo, nakula ili asiumie. Mwambie mchungaji nimepokea. Waambie na wale wanawake kwamba lefse haina siri, wapunguze porojo wakati wa kusukuma.

Mzee Lindahl nilimpenda. Natumaini ulimchana nywele kuelekea kushoto, maana upande huo alikuwa na kovu.

Sasa hizo spika. Ruhusa umepata, kwa kuwa hata nikikataa utaziweka. Lakini nina maswali. Wafiwa hawaingii jikoni wala hawalali vyumbani kwako, na bafu la juu halijawahi kumfariji mjane yeyote. Hizo spika si za wafiwa. Za Lavonne, unasema. Haya.

Umeandika kurasa mbili, mwanangu. Theluji imo, gari la maiti limo, Bi Gunderson yumo. Signe hayumo. Hukuandika jina la mtoto wako hata mara moja.

Alikuwa na miaka sita, naye ana jina, la mama yangu mimi. Tangu Novemba alipochukuliwa na homa ile, nimepokea kwako barua nne, na zote nne ni kama hakuzaliwa. Kimya kinachomfukuza mkeo hakitoki kwenye kuta. Wahenga hawakukosea, kimya kingi kina mshindo mkuu.

Nitasema na hili, kisha nitaliacha. Katika kazi yetu hatuoshi wala hatuvishi maiti wa kwetu wenyewe. Baba yangu alipofariki aliitwa Halvorson, mwenzetu wa kazi wa mji wa pili, na babake Halvorson alipofariki tulikwenda sisi. Ndiyo desturi. Halvorson alikuja siku ile, akasimama mlangoni kwako na mkoba wake, ukamrudisha. Ukambeba mtoto ukashuka naye chumba cha chini tunakooshea, ukafunga mlango, na mama yake ukamwacha juu mchana mzima. Mimi sikuzaa, na uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, kwa hiyo sikuhukumu. Nauliza tu. Ulipopanda, ulimwambia nini Lavonne?

Na chumba cha chini usikipitishie waya. Hilo sikuombi, nakuagiza.

Shangazi yako,
Borghild


Skogen
9 Februari 1969

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo, na pole kwa machungwa. Nywele za mzee Lindahl nilizielekeza kushoto. Hapa baridi imelegea kidogo, watu wamerudi kuvua samaki juu ya barafu, na mwana wa Gunderson gari lake limezama ziwani hadi kwenye taa. Mwenyewe yuko salama, ila heshima imebaki chini ya maji.

Spika zimekwisha kuwekwa. Wendell alikaa hapa wiki nzima, akitoboa na kunung'unika. "Babu yako alijenga nyumba au ngome?" aliniuliza, jasho linamtoka. Kila ukuta aliokuta ni mwaloni. Nikamwambia babu alijenga ili wafiwa wa sebule moja wasisikie kilio cha sebule ya pili. "Basi ndugu yangu," akasema, "wewe unalipa pesa nzuri kuharibu kazi nzuri." Ni mtani kupita kiasi, lakini mikono yake ina adabu. Kila tundu ameliziba na vumbi amelifagia.

Mazishi ya kwanza yenye muziki yalikuwa ya Bi Solveig Aas. Mabibi wa kanisani waliingia, wakasimama, wakatazama dari. Mmoja akamnong'oneza mwenzake, "Ni kama kwenye duka la viatu." Mwingine akasema, "Duka zuri la viatu." Baadaye wakazoea, na wakalia kama kawaida. Wendell anasema huo ndio ushindi, wakiacha kuutambua.

Mimi nimeuzoea mno. Naweka santuri kabla ya kahawa. Ikiisha nasikia mshituko, kama mtu aliyeondolewa kiti, nakimbia kubadilisha. Juzi nimekimbia na povu la kunyolea usoni, nikakutana na mjumbe wa posta ukumbini.

Nimemwandikia Lavonne aje asikie. Nimemweleza kila chumba. Hajajibu. Dada yake aliniandikia kadi ya maneno mawili matatu, kwamba anakula vizuri.

Chumba cha chini nimekitia waya, unisamehe. Nahitaji kuitwa wageni wakifika. Kuna maiki ndogo ukumbini na nyingine chini, ukutani karibu na ndoano za aproni, palipokuwa na ule mrija wa babu wa kuzungumzia. Ukishusha kishikio chake, spika ya hapo ulipo inazima na sauti yako inakwenda nyumba nzima, ukikiachia, inakatika. Ni salama.

Kuhusu lile swali lako, sina la kuandika.

Orrin


Tucson
2 Machi 1969

Mwanangu,

Nimechelewa. Kilikuwa kifua kidogo tu, usianze. Sasa naandika nikiwa nimeegemea mito, na Bi Pomeroy amekaa mlangoni kama askari, akihakikisha namaliza supu.

Nimecheka hilo la mwana wa Gunderson hadi nikakohoa. Baba yake naye alizamisha trekta. Damu hiyo.

Unasema chumba cha chini ni salama. Nitakuambia kwa nini nilikuagiza, ingawa ningetamani uelewe bila kuambiwa. Wewe umefundishwa na baba yako, na baba yako na mimi tulifundishwa na babu: ukimwosha mtu, zungumza naye. Mwambie sasa nakuinua mkono, sasa nakugeuza, maji haya ni ya vuguvugu, usiogope. Mweleze habari za mji. Mtu amelala mikononi mwako hana nguo wala hila, ukinyamaza unamfanya gogo. Lakini tuliapishwa pia kwamba yanayosemwa chini hubaki chini. Wake wa nyumba hii hawakuambiwa, waume hawakuambiwa, maana watu wa juu wangetuona wendawazimu au wangetuona tunadhihaki. Mama yako alikufa hajui kwamba baba yako aliwaambia maiti matokeo ya besiboli. Sasa wewe umeweka maiki kwenye chumba hicho. Nyumba nzima, umesema mwenyewe. Naiogopa hiyo maiki, Orrin, naiogopa kuliko kifua changu.

Nimezeeka, na najiuliza kama kiapo kile kilikuwa cha busara au cha woga. Lavonne anajua kwamba huwa unazungumza nao? Sidhani.

Kingine. Iondoe spika ya chumba cha buluu. Umeitoboa dari juu ya kitanda cha mtoto, pale pale alipokuwa akitazama akilala. Ulifikiri nini? Mama yake angeingia akute fidla zinalia juu ya mto ule, angefanyaje? Ngoma ikilia sana hupasuka. Iondoe leo.

Kula. Mimi ninakula.

Borghild


Skogen
10 Machi 1969

Shangazi,

Salamu fupi leo, utanisamehe. Tuko wazima, yaani mimi na paka.

Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama, kisha nikakaa. Sikukuandikia habari za chumba cha buluu. Nimezipekua barua zangu kichwani moja moja. Niliandika vyumba vya juu, sikutaja kipi, wala kitanda, wala dari. Wendell hakujui. Nani amekuambia?

Nimepanda juu kutazama kabati. Koti la sufi la Lavonne halipo, na viatu vya theluji havipo. Basi alikuja. Alikuja siku nilipokwenda Norseth kumuaga mkulima mmoja wa huko, maana funguo anazo, na hakutaka kunikuta. Na muziki ulikuwa unalia, kwa kuwa sizimi nikitoka. Aliingia chumba kile akasikia.

Nilifikiri chumba kile ndicho kilichonyamaza kuliko vyote. Ndicho nilichofikiri. Nilitaka tu pasiwe na kimya pale, Shangazi, nilikuwa siwezi kupita mlango ule. Nimeing'oa spika jana kwa mikono yangu, limebaki tundu, na tundu ni baya zaidi.

Anakuandikia, sivyo? Kumbe nyinyi wawili mnaandikiana wakati mimi nahesabu mabasi ya Fargo. Tafadhali niambie anasema nini. Ameikubali kazi ile? Ananichukia? Nikimfuata Fargo atanifungulia? Pasaka imekaribia na mimi sijui hata nisimame wapi.

Hapana, hajui kwamba nazungumza nao. Ningemwambiaje? Mliniapisha.

Na hicho kifua "kidogo" nacho. Mficha maradhi kifo humuumbua, ulinifundisha mwenyewe. Daktari amesema nini?

Orrin


Tucson
18 Machi 1969

Mwanangu mpendwa,

Daktari amesema nipumzike na niache kubishana naye. Nimekubali moja kati ya hayo. Nisalimie paka.

Ndiyo, ananiandikia, tangu Krismasi. Nilimwahidi sitakuambia, na mdomo wangu wa kizee umeteleza. Nimemwandikia kumwomba radhi. Yaliyomo ndani ya barua zake sitayasema, hata ukija hapa kupiga magoti. Kukuchukia hakuchukii. Hilo nimejiruhusu.

Lipo swali moja. Ameniuliza mimi mara tatu kwa maneno tofauti, na mimi sikuwepo siku ile, sina jibu. Jibu unalo wewe peke yako. Anaogopa kukuuliza kwa sababu anaogopa utakachojibu, na anaogopa zaidi kwamba utakwenda kuwasha santuri. Ni swali dogo. Nililia nilipolisoma.

Atakuja Jumamosi ya tarehe ishirini na tisa kuchukua vyombo vya mama yake na vitu vingine. Mume wa dada yake atamshusha asubuhi na kumfuata jioni. Kazi ile hajaijibu bado. Usipige muziki siku hiyo. Usimpikie, unapika vibaya. Kaa kwenye kiti jikoni na umngoje aulize. Akikaa kimya, kaa kimya naye. Utaweza?

Kuhusu kiapo chetu, mimi ndiye mkubwa wa nyumba hii sasa. Nimekufungua. Kama una la kumwambia, mwambie.

Ningekuja mwenyewe kama wangeniruhusu kupanda treni. Nimekaa hapa na machungwa haya, nangoja barua yako.

Shangazi yako akupendaye,
Borghild


Skogen
31 Machi 1969

Mpendwa Shangazi Borghild,

Theluji inayeyuka, barabara ya kaskazini imejaa maji, na Mchungaji jana aliendesha ibada ya Matawi akiwa amevaa mabuti. Natumaini kifua kimetulia. Weka supu karibu, maana barua hii ni ndefu.

Nilikusudia kufanya ulivyosema. Nilitayarisha kiti, nikazima mtambo tangu Ijumaa. Lakini Elmer Ostby wa ghala la nafaka akafariki Alhamisi, na unajua kifo hakiangalii kalenda ya mtu. Mkewe, Alma, akataka watu waje kuaga Jumamosi saa tisa. Lavonne alifika asubuhi. Tukasalimiana kama watu waliokutana benki. Nikamwambia, "Nina Elmer chini." Akasema, "Nenda, mimi nafunga vyombo tu." Nikashuka. Sikukaa kwenye kile kiti, Shangazi. Nilifurahi kuwa na kazi, na nilijichukia kwa kufurahi.

Ilipofika saa nane nilikwisha mwosha Elmer, nikavua aproni ya mpira ili nimvishe suti. Nikaitundika kwenye ndoano. Unaijua ile aproni, ni nzito, tena ilikuwa imelowa. Ikaangukia kishikio cha maiki, ikakikalia. Mtambo wa juu nilikuwa nimeuwasha dakika chache tu kabla, bila santuri bado, kwa ajili ya wageni wa Alma walioanza kufika mapema. Miaka yote natundika aproni pale. Mkono hauulizi.

Nikaanza kumvisha, na kama ada nikaanza kuzungumza.

Nilimwambia, "Haya Elmer, mkono wa kulia, taratibu, hatuna haraka. Alma kakuletea tai ya buluu. Najua huipendi, uliwahi kuniambia inakunyonga, lakini leo mvumilie, ana huzuni." Nikamwambia maji hayajafika kwenye ghala. Nikamwambia bei ya ngano. Kisha, na hapa ndipo ninapoona haya hata kuandika, nikamwambia, "Mke wangu yuko juu anafunga vyombo, Elmer. Nimejaza nyumba spika kwa ajili yake, na kumbe sikuwa na neno hata moja la kumwambia. Wewe uliishi na Alma maisha yote, ulikuwa unaanzaje?"

Nikasikia miguu inashuka ngazi kwa kishindo. Mlango ukafunguliwa. Ni Duane, mwana wa Elmer, uso mwekundu kama nyama.

"Unapiga soga na baba yangu?" akasema. "Watu wote wamesimama huko juu wanasikia! Unamfanya baba yangu kichekesho?"

Nikageuka nikaiona aproni. Nikaifikiria nyumba hii, jina la babu, na wewe na kiapo chako. Nikasema, "Duane, nisamehe, sikujua." Akasema atampigia simu Halvorson aje amchukue mzee, saa hiyo hiyo, na nadhani angefanya kweli.

Alma akatokea nyuma yake, kashika reli kwa mikono yote miwili. "Nyamaza wewe," akamwambia mwanawe. "Mwache mtu afanye kazi yake." Kisha akaniuliza mimi, polepole, "Alikuambia tai inamnyonga?"

"Ndiyo, mama. Miaka mingi iliyopita."

"Mimi hakuniambia." Akamtazama mumewe kwa muda. "Mzee huyu. Kila Jumapili namfunga mwenyewe. Duane, nenda nyumbani kalete ile ya kahawia. Nenda."

Duane akaenda. Alma akanishika mkono akasema, "Endelea, usimwache katikati." Akapanda. Juu sikusikia kitu, wala kikohozi. Nikajua wote wanasubiri niseme tena. Nikaiondoa ile aproni.

Nilipogeuka, Lavonne alikuwa mlangoni. Hajawahi kuingia chumba kile tangu nimwoe. Mkononi ana kikombe cha mama yake, nusu kimefungwa gazeti.

Akasema, "Ndivyo unavyofanya?"

"Ndivyo tunavyofanya."

"Na kila mtu?"

"Kila mtu."

Akakizungusha kile kikombe. "Na Signe?"

Nikasema, "Signe zaidi ya wote."

Shangazi, aliketi pale pale mlangoni, kwenye ngazi ya mwisho. Akasema, "Nilikaa juu ya ngazi hizi mchana mzima, mlango umefungwa. Nilitega sikio. Sikusikia hata sauti moja. Nikajua mle ndani umenyamaza, unamtendea kama ubao. Nikasema mwanangu amekaa na mtu asiyemsemesha." Halafu akasema, "Sikuweza kukutazama mikono baada ya hapo."

Kuta za babu, Shangazi. Mwaloni.

Nikaketi kando yake. Elmer nilikuwa nimemfunika vizuri, asidhani tumemsahau. Nikamwambia yote. Kwamba nilimrudisha Halvorson kwa sababu Halvorson ana mikono baridi, na Signe alikuwa hapendi kuguswa na mikono baridi. Kwamba nilipasha maji mara mbili. Kwamba nilimwambia mama yuko juu tu, hajakuacha, baba ndiye mpumbavu kamzuia, kadhani anamwepusha na maumivu. Nilimsimulia paka amezaa nyuma ya tanuri na kwamba mmoja ana soksi nyeupe mguu mmoja, akikua tutamwita jina alilotaka yeye. Nilimsuka nywele vibaya, nikamwomba radhi, nikazifumua nikasuka upya. Haya sijamwambia mtu, hata wewe.

Lavonne alisikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza, sauti haipandi, "Ulimvisha soksi?"

Nikajua hilo ndilo swali.

"Nilikuletea gauni na viatu," akasema. "Soksi nilisahau. Nilikumbuka ulipokwisha funga mlango. Nikaona haya kugonga. Baadaye nikaona haya kuuliza. Kila theluji ikianguka nafikiria miguu yake."

Nikamwambia, "Nilipanda kwa ngazi ya nyuma nikazichukua kwenye droo yake. Za sufi, zile alizofuma mama yako. Nilimvisha mbili mbili, moja juu ya nyingine, halafu viatu havikuingia, nikavilegeza kamba. Nikamwambia, sasa hutasikia baridi."

Akalia, Shangazi. Akalia kwa sauti, mikono usoni, na mimi nikalia. Juu walitusikia, maana tulisahau mlango wazi. Hakuna aliyeshuka. Alma aliwapa watu kahawa yeye mwenyewe, jikoni kwetu, katika vikombe vilivyokwisha kufungwa magazeti.

Elmer tulimuaga na tai ya kahawia. Duane alinipa mkono bila kunitazama, na kwa Duane hilo ni hotuba. Mji mzima unajua sasa. Baadhi watakwenda kwa Halvorson, na wengine, Bi Gunderson ameniambia, wanataka kujua kama wanaweza kuniachia maagizo ya mambo ya kuwaambia.

Mume wa dada yake alikuja jioni na gari. Lavonne akatoka akazungumza naye pale barazani, sikusikia walichosema, kisha gari likaondoka bila yeye. Karatasi ya ile kazi ya Fargo iko juu ya meza ya jikoni, haijajibiwa, na mimi sijauliza. Naogopa bado. Masanduku yamesimama ukumbini na wafiwa wanayapita.

Lakini leo ni Jumatatu, na asubuhi hii alikuwa anakaanga mayai amenipa mgongo, akaniuliza kama nywele za Signe nilizisuka moja au mbili, na utepe ulikuwa rangi gani. Nimemjibu. Akauliza tena, nikamjibu tena. Mayai yameungua, tukayala.

Mwana wa kaka yako,
Orrin